Pikapu ya Oduetse na Mvua ya Mawe

Alhamisi mchana ungemtafuta Oduetse popote pale mjini Molepolole usingempata ila uani kwake, anapakia mahema.

Oduetse na mkewe Gofaone walikuwa wakikodisha mahema na viti. Harusi zina msimu wake, lakini misiba haina msimu. Mazishi hufanyika Jumamosi alfajiri, na kabla ya hapo watu husali nyumbani kwa marehemu jioni zote za wiki. Watu wakisali hukaa. Watu wakikaa huhitaji viti, na kivuli juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo wenye msiba walimpigia simu Oduetse hata kabla hawajampigia mchungaji.

Kazi hiyo yote ilibebwa na pikapu moja nyeupe. Ilitoka Japani ikiwa imeshatumika. Oduetse na mkewe walidunduliza miaka mingi kabla ya kuipata. Siku ilipoingia uani, Gofaone aliizunguka polepole. Aliigusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

"Na hii ni yetu, Rra-Sethunya?" aliuliza. Alipenda kumwita mumewe kwa jina la binti yao wa kwanza.

"Ni yetu. Usiikwaruze kwa kucha."

Aliyewauzia gari aliwashauri wakate bima kubwa, ile inayolinda gari lako mwenyewe likigongwa, likiibwa, likiungua au likipatwa na mabaya ya hali ya hewa. Oduetse alikata. Kila mwezi benki ilitoa ada ya bima kutoka kwenye akaunti yake, naye aliiona ikitoka kama mtu anavyoona maji yakivuja kwenye pipa. Mwaka ukapita. Wa pili ukapita. Miaka minne ikapita, na gari halikupata hata mkwaruzo.

Kisha Jumapili moja Oduetse alirudi nyuma bila kutazama vizuri. Akasikia kishindo. Aliposhuka, taa ya nyuma ilikuwa vipande vipande chini, na bampa limechubuka. Nguzo ya geti ilikuwa imesimama palepale, nzima kabisa.

Gofaone alitoka jikoni. Alitazama taa, akatazama nguzo, akamtazama mumewe. "Nguzo hii tuliijenga lini?" aliuliza.

"Usinianze, Mma-Sethunya. Leo watu wa bima watanijua. Miaka minne wanakula tu. Leo watatapika."

Bahati nzuri, mtu wa bima alikuwa karibu. Jirani yao Mma-Larona alifanya kazi katika ofisi ya wakala wa bima mjini Gaborone. Siku hiyo alikuwa nyumbani, anaanika nguo. Oduetse alikwenda kwenye ua wa waya unaotenganisha nyumba zao, akamsalimu.

"Dumela, Mma."

"Dumela, Rra. Nimesikia kishindo. Hakuna aliyeumia?"

"Hakuna. Taa imekufa. Nataka mnilipe."

Mma-Larona alibana kwenye kamba nguo aliyoishika, akaja uani kwao kupitia lile geti. Aliinama akatazama taa. "Mkataba wenu wa bima uko wapi?" aliuliza. "Muulete, tuusome pamoja. Mtu akifunga ndoa husikiliza maneno ya mchungaji. Ninyi mmefunga ndoa na bima hamjui mliapa nini."

Gofaone aliuleta. Mma-Larona aliufungua juu ya boneti.

"Hapa," alisema. "Kila mkataba una fungu la mwenye gari. Maana yake, kila ukidai, hasara ya kwanza unaibeba wewe mwenyewe. Bima inabeba kinachozidi hapo. Fungu lenu ni pula elfu mbili na mia tano. Taa hii inauzwaje?"

"Kwenye duka la vipuri? Mia saba," alisema Oduetse.

"Basi bima ianze kulipa wapi?"

Oduetse alihesabu kichwani, akahesabu tena, hesabu ikakataa kubadilika. "Huo ni wizi wenye barua," alisema. "Mimi nalipa kila mwezi. Kwa nini nilipe tena siku ya ajali?"

"Uliza vizuri, nitakujibu vizuri. Hapa Molepolole kuna magari mangapi?"

"Mengi."

"Na mangapi yamechubuka mahali?"

"Karibu yote."

"Kila mchubuko ungeletwa ofisini, tungehitaji watu wa kuukagua, mafuta ya kwenda kuutazama, na simu za kuzungumza habari zake. Gharama hiyo yote ingerudi kwenye ada yako ya kila mwezi. Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Vidogo unabeba mwenyewe. Vikubwa tunabeba pamoja. Ukitaka fungu lako liwe dogo, inawezekana, lakini ada itapanda. Ukikubali fungu kubwa, ada inashuka. Ni mizani. Ila chagua fungu ambalo siku ya balaa unaweza kulitoa. Mtu akichagua fungu kubwa ili ada iwe rahisi, halafu siku hiyo hana kitu, gari lake litalala gereji."

Gofaone aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa anaelewa, na Oduetse aliona anaelewa. Jambo hilo lilimkera zaidi.

"Tena kuna la pili," Mma-Larona aliendelea. "Ninyi hamjadai tangu mwanzo. Kila mwaka usiodai, ada ya mwaka unaofuata inapunguzwa. Linaitwa punguzo la kutodai. Ni kama ngazi. Mmeshapanda vidato vinne. Ukidai leo, hata kitu kidogo, unashushwa. Na kupanda tena ni mwaka kwa mwaka."

"Kumbe ndiyo maana ada ilikuwa inapungua?" aliuliza Gofaone. "Mimi nilidhani benki wamekosea. Nikanyamaza."

Mma-Larona alicheka mpaka akashika boneti. "Hapana, mwenzangu. Mlikuwa mnalipwa uangalifu wenu. Nunueni taa. Mbaki juu ya ngazi. Ila ukigonga mtu, au gari la mtu, hapo usinyamaze. Tupe taarifa hata kama wewe hudai kitu. Huyo mwenzako anaweza kuja kudai baadaye, na sisi tukute hatujui lolote."

Mambo yangeishia hapo, kama Mma-Larona asingeinua macho akaona kilichopakiwa nyuma ya pikapu. Nguzo za chuma za mahema zilikuwa zimepangwa. Viti vilikuwa vimebebana mpaka juu. Alirudi kwenye mkataba, akafunua ukurasa mwingine, uso wake ukabadilika.

"Rra, ulipoulizwa gari hili linafanya kazi gani, ulijibu nini?"

Oduetse alijikuna shingo. "Nilisema la nyumbani. La kwenda shambani na kanisani."

"Kanisani ulikwenda lini mara ya mwisho?" aliuliza Gofaone.

"Nakwenda kila wiki. Nafika kabla ya mchungaji."

"Kufunga hema."

Safari hii Mma-Larona hakucheka. "Sikilizeni," alisema. "Hili ni kubwa kuliko taa. Gari la nyumbani na gari la biashara hayana hatari sawa. Hili liko barabarani kila siku, na mzigo juu. Bima wakijua hukuwaambia kweli, siku ukileta dai kubwa wanaweza kulikataa lote. Utakuwa umelipa miaka yote hiyo, na siku ya haja huna bima. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikisema ni la biashara?"

"Ada itapanda."

"Punguzo langu?"

"Ongea nao. Hujadai, na punguzo ni la kutodai. Lakini ada yenyewe itapanda, sitakudanganya."

Oduetse alifunga mkataba. "Basi mimi naishusha kabisa," alisema. "Nakata ile bima ndogo, ya kulipia gari la mwenzangu tu nikiligonga. Langu nitalilinda kwa macho yangu."

"Kwa macho haya haya yaliyoiona nguzo?" aliuliza mkewe.

Mma-Larona hakumbishia. Alimuuliza jambo lingine. "Rra, wewe ni mwanachama wa chama cha kuzikana?"

"Ndiyo. Kila mtu ni mwanachama."

"Unachangia kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Umewahi kupata zamu yako?"

"Hapana. Mungu aepushe."

"Basi nenda kesho ukadai hela zako. Waambie wamekula miaka yote hiyo, watapike."

Hakuna mtu aliyejua chama cha kuzikana kuliko Oduetse. Alivifunga vivuli vyake katika nyua za watu wasiokuwa na kitu. Aliona ng'ombe akichinjwa, sufuria zikichemka, jeneza la heshima likishuka, na yote hayo katika nyumba ambayo wiki iliyopita haikuwa na sukari. Aliona hivyo kila wiki, na hakuwahi kujiuliza gharama hiyo hutoka mifukoni mwa nani.

"Nani anataka zamu yake ifike?" alisema Mma-Larona. Akarudi kwake kuanika nguo zilizobaki.

Oduetse hakusema kwamba ameshawishika. Ila Jumatatu Gofaone alivaa nguo za safari, akaketi ndani ya pikapu, akafunga mkanda. "Twende tukaseme kweli," alisema. Mumewe aliendesha mpaka Gaborone. Walieleza kazi ya gari. Ada ikapanda, lakini punguzo lao liliachwa lilivyo. Waliporudi, Gofaone alianza kuweka pembeni kidogo kidogo kutoka kila kazi, mpaka fedha za lile fungu la mwenye gari zikatimia. Alizipeleka benki, akamwambia mumewe, "Hizi hazipo. Hata ukiota, usiziote."

Ikaja Novemba. Joto lilikuwa la kupasua mawe. Watu walitazama juu kila asubuhi, na kila asubuhi mbingu zilikuwa tupu. Ng'ombe walikonda. Katika wiki hiyo, mzee mmoja alifariki karibu na mlima, mume wa bibi mmoja aliyeitwa Nkuku Keolopile. Alhamisi mchana Oduetse na Gofaone walikwenda kufunga mahema.

Walikuwa wamemaliza hema moja na kuanza la pili, ndipo upepo ukakata. Majani ya miti yalitulia. Mbuzi waliacha kulia. Oduetse alisimama na kamba mkononi, akageuka kutazama magharibi.

Hakuwahi kuona wingu la namna hiyo. Lilisimama kutoka ardhini mpaka juu kabisa, jeusi chini, na katikati lina rangi ya kijani kama maji ya bwawa la zamani. Juu liling'aa jeupe kama kilele cha chumvi. Halikuonekana kwenda popote. Lakini kila alipopepesa macho, lilikuwa karibu zaidi.

"Mma-Sethunya," alisema kwa sauti ndogo. "Achia kamba."

Jiwe la kwanza lilianguka peke yake. Lilipiga mchanga mbele yao, likaruka, likabingirika, likatulia. Lilikuwa kubwa kama yai la kuku, na ndani yake mlikuwa na duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Waliliangalia kana kwamba mtu amelirusha. Kisha la pili likapiga bati la nyumba, na watu wote wakakimbia.

Waliingia ndani wakabanana. Wanawake waliokuwa wakipika walileta sufuria vichwani. Halafu mbingu zikafunguka. Mlio wa bati ulikuwa mkubwa hata mtu hakusikia sauti yake mwenyewe. Mchungaji alionekana anasogeza midomo, lakini kama alikuwa anasali au anauliza kitu, hakuna aliyejua. Dirisha likavunjika. Kupitia tundu lake Oduetse aliona hema lake likichanika, si kwa mpasuko mmoja, bali kwa matundu, mpaka likawa kama chujio, likashuka chini taratibu kama ng'ombe anayepiga magoti. Aliona pia kitu cheupe nyuma ya hema hilo kikirukaruka na kung'aa. Ilikuwa pikapu yake, inapigwa.

Alitaka kutoka. Gofaone alimshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Neno lolote lisingesikika. Alimshika tu.

Ilipokoma, ilikoma ghafla. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Watu walitoka mmoja mmoja. Uwanja wote ulikuwa mweupe, na moshi wa baridi ulipanda kutoka ardhini katika nchi ambayo saa moja kabla ilikuwa tanuru. Watoto waliingiza miguu katika barafu, wakaitoa, wakaitazama. Hakuna aliyeumia, hata mmoja. Watu wazima walisimama na mikono vifuani.

Nkuku Keolopile hakuruhusiwa kutoka. Mjane hukaa kwenye godoro lake mpaka mazishi. Alisogeza pazia, akatazama nje kwa muda mrefu.

"Mzee wangu alikuwa anaomba mvua tangu Agosti," alisema. "Hakujua kuomba kidogo."

Watu walicheka, wengine huku wanalia.

Oduetse alikwenda kwenye pikapu. Kioo cha mbele kilikuwa kimeingia ndani na kujaa kwenye viti. Boneti, paa na milango vilikuwa na mashimo yasiyohesabika, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Aliweka kiganja chake juu ya boneti. Hakulia. Alifikiri juu ya siku ile mkewe alipoizunguka.

Mpwa wa marehemu alikuja kusimama karibu naye. "Pole, mjomba. Una bima?"

"Ninayo."

"Basi tia na bampa lile la nyuma lililochubuka. Sema ni mvua. Nani atajua?"

Oduetse alimtazama. "Mvua inapiga kutoka juu," alisema. "Bampa liko chini. Hata mvua ingekataa."

Gofaone alikuwa ameshampigia simu Mma-Larona. Alimpa mumewe asikie mwenyewe.

"Watu ni wazima?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Wazima wote."

"Shukuru kwanza. Sasa, usiondoe chochote. Piga picha kila upande, na za karibu, na za mbali nyumba ionekane. Ukishamaliza, funika pale kwenye kioo kwa turubai, maana ukiacha mvua nyingine iingie, hasara hiyo ni uzembe wako. Usiliendeshe. Usiite gereji ya rafiki yako. Toa taarifa kwa bima leo hii, watume gari la kukokota na mkaguzi. Mkaguzi akikuuliza, mwambie ulichoona, usiongeze wala usipunguze."

"Na hema langu?"

"Hema si gari, Rra. Bima ya gari ni ya gari. Hilo halimo."

Lilimuuma. Lilimuuma Gofaone zaidi, kwa sababu mahema ndiyo yaliyomlisha, na hilo alilishona pindo kwa mkono wake. Lakini jioni hiyo hawakuwa na muda wa kuumia. Msiba ulikuwa msiba bado. Waliokoa hema lililobaki, majirani wakaleta maturubai, na sala zikafanyika miguu ikiwa katika matope baridi. Jumamosi alfajiri mzee alizikwa katika udongo uliokuwa na maji.

Mkaguzi alikuja siku chache baadaye katika uwanja ambako pikapu ilikuwa imepelekwa. Alikuwa kijana mtulivu mwenye tochi. Alimulika bati kutoka pembeni, na kila shimo likatoa kivuli chake. Alifika nyuma.

"Na hapa?" aliuliza, akigusa bampa.

"Hapo ni mimi na nguzo ya geti langu," alisema Oduetse.

Mkaguzi alitabasamu, akaendelea. Aliuliza gari linafanya kazi gani. Oduetse alisema linabeba mahema ya kukodisha. Mkaguzi alilinganisha na karatasi aliyokuwa nayo, akasema, "Sawa. Ndivyo ilivyoandikwa." Maneno machache tu. Gofaone alimtazama mumewe, na mumewe akaangalia chini. Alikuwa anaona jinsi neno moja la uongo lingekuwa limeifunga njia yote.

Dai likakubaliwa. Gofaone alikwenda benki kuchukua zile fedha ambazo hazipo, akalipa fungu lao. Gereji ikaanza kazi.

Siku ya kuchukua gari walikwenda pamoja mpaka ukingo wa Gaborone. Waliingia geti la gereji wakisoma namba za safu. Hapo ndipo Oduetse aliposimama.

Yalikuwa magari tu. Yalitanda kutoka ukutani mpaka kwenye reli. Makubwa, madogo, mapya yanayong'aa, makuukuu yaliyofungwa waya. Gari la mkurugenzi lilikaa kando ya gari la muuza maandazi. Na yote yalikuwa na ndui ileile. Mvua haikuwa imechagua. Ilikuwa imepita kutoka Molepolole mpaka mjini, ikapiga kila bati ililolikuta.

Katikati ya safu walimkuta fundi aitwaye Simisani, mtu mwembamba wa kutoka kaskazini. Alikuwa ameinama chini ya boneti iliyofunguliwa, na mkononi ana fimbo nyembamba ya chuma iliyopindwa kichwani. Aliipitisha ndani, akaisukuma polepole, akaangalia mwanga wa taa ukitembea juu ya bati. Alisukuma tena, kidogo kama mtu anayebembeleza. Shimo lilipanda. Likawa kivuli. Likawa si kitu.

"Hukupaka rangi?" aliuliza Gofaone kwa kunong'ona.

"Rangi ya nini, Mma? Bati linakumbuka lilivyokuwa. Mimi nalikumbusha tu."

Walimtazama muda mrefu, akifuta shimo baada ya shimo. Gofaone alishika mdomo. Kisha Oduetse akauliza kilichokuwa kinamsumbua tangu alipoingia.

"Fundi, magari yote haya. Hela ya kuyatengeneza inatoka wapi? Mimi ada yangu naijua. Hata nikiirundika ya miaka yote, haifiki kwenye hili moja."

Simisani alitoa kichwa chini ya boneti. "Inatoka kwa wale ambao mvua haikuwafikia," alisema. Akarudi kazini.

Oduetse alitazama safu zile upya. Alifikiri juu ya watu wa Maun, wa Serowe, wa Francistown, waliolala siku hiyo bila kusikia hata tone. Watu asiowajua, wasiomjua. Kila mwezi walinung'unika kama yeye, wakaona hela ikivuja kama yeye, na hela hiyo ikatembea kimyakimya ikaja kuinua bati la pikapu yake. Yeye alifunga vivuli juu ya watu kwa kamba na chuma. Kumbe palikuwa na kivuli kingine, kipana kama nchi, na alikuwa amesimama chini yake miaka minne bila kuinua macho. Akaenda kuchukua gari lake.

Lilikuwa jeupe na laini, na kioo kipya. Bampa la nyuma lilikuwa limechubuka vilevile.

Mwaka wa bima ulipoisha, waliketi na Mma-Larona barazani, na chai na magwinya, maandazi ya kukaanga. Walikuwa wameshushwa vidato viwili kwenye ngazi ya punguzo, na ada ilipanda. Mma-Larona aliwasomea taratibu, akisubiri Oduetse alipuke.

"Miaka miwili bila kudai, tunarudi pale?" aliuliza Oduetse.

"Mkijaliwa."

"Sawa. Na mahema? Kuna bima yake?"

"Ipo. Ni mkataba mwingine. Na mara hii tutausoma kabla ya kutia sahihi?"

"Mma-Sethunya atausoma kwa sauti," alisema Oduetse. "Mimi nitauliza maswali ya kijinga mpaka nimalize."

Alimaliza magwinya kabla hajamaliza maswali. Lakini bima ya mahema ilikatwa, fungu likachaguliwa la kiasi wanachoweza, na hesabu ya mahema na viti ikatolewa ya kweli, hata viti vile vilivyovunjika mguu.

Miezi kadhaa baadaye walikuwa wanarudi kutoka Gaborone, nyuma kumejaa viti. Mbele yao magari yalipunguza mwendo. Kando ya barabara, gari dogo la buluu lilikuwa limeponda pua kwenye nguzo ya uzio, na gari la kukokota lilikuwa linalivuta juu. Mwanamke kijana alikuwa amesimama kwenye majani, mzima, ana simu sikioni na mkono mwingine kichwani. Hawakumjua.

Oduetse aliteremsha kioo. "Hujaumia, mwanangu?"

"Sijaumia, Rra."

"Una bima?"

"Ninayo. Naongea nao hapa."

"Haya. Piga picha kila upande," alisema Oduetse, akaendesha taratibu.

Walikwenda kitambo. Kisha akasema, "Hela yetu imo njiani kwenda kwa yule mtoto."

"Kiasi gani?" aliuliza Gofaone.

Oduetse alifikiri. "Kidogo. Labda ya kitasa cha mlango."

Gofaone aligeuka akatazama nyuma, pale gari la buluu lilipokuwa linapanda hewani. Alilitazama mpaka barabara ikakata kona.

"Kitasa si kidogo," alisema. "Bila kitasa, mtu ataingiaje?"